Kasha Moja, Bodi Tatu

Nyumba ya marehemu baba yangu kule Kisarawe ilikuwa ya miti na udongo, nayo iliezekwa kwa makuti. Kila baada ya misimu michache makuti yalishushwa, yakapandishwa mengine. Mti ulioliwa na mchwa uling'olewa, na mwingine ukachimbiwa katika shimo lile lile. Ukuta uliobomolewa na masika ulikandikwa upya kiangazi kilipoingia. Nilipoondoka kwenda chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, sidhani kama ulikuwamo mti hata mmoja uliokuwamo siku niliyozaliwa. Hata hivyo hakuna jirani aliyesema kwamba tumejenga nyumba nyingine. Ilikuwa nyumba ya mzee yule yule, juu ya kiwanja kile kile, na mlango wake ulitazama upande ule ule.

Nimeikumbuka nyumba hiyo nikiwa hapa Kibaha, ambako nimeishi tangu nilipostaafu mwaka 2010. Mbele yangu, juu ya meza ya kulia chakula, palikuwa na kompyuta yangu iliyofunguliwa ubavu. Kasha lake la bati nililinunua mwaka 2003. Ndani ya kasha hilo zimekwisha kukaa bodi mbili, na mwishoni mwa mwaka 2025 imeingia ya tatu. Wajukuu wangu huiita "kompyuta ya zamani ya Babu". Mimi nawauliza: ni ya zamani kwa lipi? Kilichobaki cha mwaka 2003 ni kasha, skrubu zake chache, na desturi yangu ya kukaa mbele yake kila alfajiri baada ya chai.

Ndugu msomaji, katika kurasa hizi nataka kusimulia habari za kubadilisha moyo wa mashine. Lakini siwezi kuzisimulia bila kupitia historia ya nchi yetu na mashine hizi, na siwezi kuipitia historia hiyo bila kukiri kosa nililolifanya mwenyewe nikiwa mwalimu mkuu. Nitajaribu kwenda kwa utaratibu.

Kwanza, moyo wenyewe ni nini? Ukiacha kasha, kioo, kibodi na kipanya, kompyuta ya mezani inasimama juu ya vitu vitatu. Kuna mazabodi, yaani ule ubao mkubwa ambao vitu vyote huchomekwa juu yake. Kuna prosesa, kijiwe kidogo kinachofanya hesabu. Na kuna RAM, kumbukumbu ya muda, mahali ambapo kazi inayofanyika huwekwa kwa kitambo kama vile mwalimu anavyoweka hoja ubaoni kabla ya kuzifuta. Vitu hivi vitatu ni kama mafiga. Huwezi kuchukua figa la jiko moja ukalichanganya na mafiga madogo ya jiko jingine; chungu kitapinduka. Prosesa ya kizazi fulani hukubali soketi ya aina yake tu, na mazabodi hukubali RAM ya aina yake tu. Ndiyo maana anayetaka kubadilisha kimoja mara nyingi hujikuta anabadilisha vyote vitatu.

Sasa turudi nyuma. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, na herufi hizo tatu zilikuwa jina la kampuni ya Uingereza. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, mhandisi Mmarekani aitwaye Gordon Moore aliandika makala fupi akisema kwamba idadi ya vipande vinavyoweza kukusanywa juu ya chipu moja ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka, na kwamba ingeendelea hivyo. Mwaka 1975 alirekebisha kauli yake akasema kila miaka miwili. Kwa hiyo sisi tulinunua mashine yetu ya kwanza mwaka ule ule ambao mtu mmoja alitangaza, kwa lugha ya kihandisi, kwamba kila mashine itakayonunuliwa itazeeka upesi.

Mashine za siku hizo zilijaza chumba. Zililishwa kwa kadi zenye matundu, zilihitaji ubaridi, na fundi wake alitoka kwa aliyeiuza. Hazina ilijaribu kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta, na mambo hayakwenda vizuri. Taarifa zilichelewa, makosa yakawa mengi, na wazalendo waliozifahamu mashine hizo walikuwa wachache mno. Kazi ilitegemea wageni. Hesabu zikarudishwa kwenye njia za zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta pamoja na televisheni. Ofisi iliyoona haina budi kuwa na kompyuta iliomba ruhusa maalumu.

Mwaka huo mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mwalimu mpya mwenye chaki mfukoni. Nakumbuka kwamba tuliliunga mkono jambo hilo bila kulifikiria sana. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu mwaka uliotangulia, mvua zilikuwa haba, na nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuchezea. Mwezi Novemba mwaka huo huo likatoka Azimio la Musoma, likataka kila mtoto aingie shule ya msingi, na sisi walimu tukaanza kujiuliza madawati yatatoka wapi. Katika hali kama hiyo, mashine iliyoshindwa kuandika hesabu sawasawa ilionekana ni anasa, na baadhi yetu tulisema pia kwamba ingewanyima vijana kazi za ukarani. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa wakitazama televisheni ya rangi miaka hiyo. Sisi huku Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994.

Leo, baada ya miaka zaidi ya hamsini, siwezi kuwalaumu waliotia saini. Walikuwa na sababu. Ila nimejifunza kutenganisha mambo mawili. Mashine ilishindwa kwa sababu hapakuwa na watu walioijua kwa ndani. Dawa ya ugonjwa huo ingekuwa kuwafundisha watu. Sisi tuliufunga mlango, na mlango uliofungwa haumfundishi mtu yeyote.

Hapa Kibaha upo mfano wa jambo hilo, nao uko karibu na nyumbani kwangu. Mwaka 1963 Tanganyika na nchi za Nordiki zilikubaliana kujenga kituo pale Tumbi: shule ya sekondari, kituo cha afya, na mafunzo ya wakulima. Kituo hicho kilikabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, nacho mpaka leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Sisemi kwamba kila kitu kilikwenda bila tatizo. Ninachosema ni kwamba kazi ile ilikuwa na siku ya kukabidhi, na anayejua kwamba atakabidhiwa hujifunza. Kompyuta ya Hazina haikuwa na siku kama hiyo.

Tatizo la mlango uliofungwa ni kwamba nje dunia haisimami. Mwaka 1971, miaka mitatu kabla ya marufuku, kampuni ya Intel ilitoa prosesa iliyokaa yote juu ya chipu moja. Iliitwa 4004, nayo ilikuwa na transista 2,300. Mwezi Agosti 1981, sisi tukihesabu gharama za vita vya Kagera, kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ndogo ya kukaa mezani, yenye prosesa ya Intel 8088. Kwa haraka yao ya kuiingiza sokoni waliiunda kwa vipuri vya kununua kwa wengine, wakaweka nafasi tano za kuchomeka kadi, na wakachapisha kitabu kilichoeleza mitambo yake kwa undani. Kwa kufanya hivyo waliacha mlango wazi. Kampuni nyingine zikatengeneza mashine za kufanana nayo, na wengine wakatengeneza vipuri tu. Mwaka 1995 Intel ikatoa vipimo vinavyoitwa ATX: matundu ya skrubu za mazabodi yawe wapi, na waya za umeme ziingie vipi. Tangu hapo kasha la mtengenezaji mmoja likaweza kupokea bodi ya mtengenezaji mwingine, hata bodi ambayo ilikuwa bado haijabuniwa.

Tafadhali, ndugu msomaji, litafakari jambo hili. Nchi yetu ilikataa kompyuta ya aina moja, ile kubwa iliyofungwa, ambayo fundi wake alikuja kwa ndege. Mlango ulipoanza kulegezwa, tangu miaka ya 1980 na siku za Mzee Ruksa, iliyoingia ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Hii ya pili kijana wa Kariakoo angeweza kuifungua kwa bisibisi. Wataalamu wetu wa lugha walituletea maneno "ngamizi" na "tarakilishi". Wananchi wakaendelea kusema kompyuta. Lakini sisi tuliolelewa na ule mwaka 1974 tuliendelea kuiogopa mashine mpya kama kwamba ndiyo ile ya zamani.

Sasa nifikie kosa langu.

Mwaka 1998 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari mbali na huku Pwani. Marafiki wa shule walioko ng'ambo walituletea kompyuta kumi zilizokwisha kutumika, za prosesa ya 486. Aina hiyo ilitoka mwaka 1989. Huko zilikotoka zilikuwa zimepitwa na wakati, kwetu zilikuwa muujiza. Nilitenga chumba, nikaweka nondo madirishani, nikanunua pazia na kufuli mbili. Wanafunzi waliingia kwa zamu, bila viatu, kila kidato mara moja kwa mwezi. Ufunguo mmoja ulikaa mfukoni mwangu, na wa pili ulikaa kwenye sefu.

Baada ya miezi kama minane kompyuta moja ilikufa. Alikuwapo mwalimu kijana wa hisabati, mtu mpole, mwenye mikono myepesi. Alikuja ofisini kwangu, akaniamkia, akaniambia, "Mkuu, naomba ruhusa niifungue ile iliyokufa. Pengine RAM yake itaongeza nguvu ya nyingine, na wanafunzi wataona ndani kulivyo."

Nilimjibu, "Mwalimu, hizi zimo kwenye leja. Ikipungua skrubu moja, mkaguzi akija nitamwambia nini?"

Akasema, "Lakini Mkuu, ikiwa nzima na haiwaki, tutamwambia nini?"

Nililichukua kuwa ni jibu la utovu wa adabu. Nikamwambia aende darasani. Alikuja tena mara mbili, kwa adabu ile ile, na mara zote mbili nilimkatalia. Mwaka uliofuata aliomba uhamisho, nami niliupitisha upesi kuliko ilivyostahili. Kompyuta ya pili ikafa, ya tatu ikafa. Nikaona njia ya kuzinusuru zilizobaki ni kupunguza matumizi. Mwishowe nikafunga chumba kabisa, "mpaka wataalamu watakapokuja kutoka Dar es Salaam". Wataalamu hawakuja, wala sikuwa nimewaandikia barua kwa bidii.

Chumba kilifunguliwa mwaka 2003. Kati ya kumi ziliwaka tatu. Nilikuwapo fundi alipozifungua zilizobaki. Juu ya bodi nyingi za wakati ule palikuwa na betri ndogo mfano wa pipa, iliyokazwa kwa risasi, kazi yake ikiwa kutunza saa na mipangilio mashine inapozimwa. Betri hizo zikikaa miaka bila kuangaliwa huvuja. Maji yake yalikuwa yamesambaa juu ya ubao, na kutu ya kijani ilikuwa imekula nyuzi za shaba kama mchwa unavyokula mti kwa ndani. Fundi alisema kwamba mtu angezifungua mapema, akazitoa betri zile kwa mkono, bodi nyingi zingepona. Ndiyo kusema kufuli zangu hazikuzilinda kompyuta. Zilimlinda adui aliyekuwa ndani.

Marufuku ya mwaka 1974 ilihusu nchi nzima. Yangu ilihusu chumba kimoja. Lakini ukizitazama vizuri ni ndugu. Zote mbili zilizaliwa na hofu ya kuharibu kitu ambacho hatukukijua kwa ndani, na zote mbili zilimnyima nafasi yule pekee aliyetaka kukijua. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Mimi mwalimu mkuu niliyefundisha methali hiyo kwa miaka thelathini nilimfukuza aliyeuliza.

Mwaka ule ule wa 2003, pengine kwa kujipa adhabu, nilikopa fedha nikanunua kompyuta yangu mwenyewe. Sikuchukua ya kiwandani. Niliunganishiwa na fundi mmoja wa Kariakoo katika kasha la ATX, na sharti langu lilikuwa moja: aniache nikae karibu nitazame. Ilikuwa Pentium 4, RAM megabaiti 256, na waya pana kama utepe zilizounganisha diski na bodi. Hiyo ndiyo bodi ya kwanza.

Ilifanya kazi miaka sita. Iliuvuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006, wakati ukame ulipopunguza maji ya mabwawa. Kisha ikaanza kujizima yenyewe. Nilipoifungua niliona vikapasita kadhaa, vile vikopo vidogo vinavyosawazisha umeme, vimevimba vichwa kama maandazi. Bodi nyingi za miaka hiyo, duniani kote, ziliugua maradhi hayo kwa sababu ya vikapasita vibovu. Basi mwaka 2009 nikaweka bodi ya pili, prosesa ya Core 2 Duo, na RAM gigabaiti 2. Waya pana zikaondoka, zikaja nyembamba za SATA. Pawasaplai nayo ikabadilishwa, maana plagi ya umeme ya bodi ilikuwa imeongezwa pini kutoka 20 hadi 24. Kasha likabaki, na matundu ya skrubu yakapatana bila kuchongwa hata moja.

Miaka hiyo nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, na huko niliona namna nyingine ya kuishi na mashine hizi. Mpango uliofadhiliwa na Sweden, ulioanza mwaka 2005, ulifikisha kompyuta katika vyuo vya ualimu vya Serikali, 34 kwa idadi. Chuoni kwetu wanachuo walipanga zamu za kufungua chumba, kufuta vumbi na kuandika daftari la matatizo. Ziliharibika? Ndiyo, ziliharibika. Lakini kila iliyoharibika iliacha nyuma watu wawili watatu waliojua kwa nini. Nilisimama mlangoni siku moja nikiwatazama, nikamkumbuka yule mwalimu wa hisabati, nikaona haya peke yangu.

Bodi ya pili ilinihudumia miaka kumi na sita. Niliongeza RAM ikafika gigabaiti 4, na baadaye nikaweka diski ya SSD, isiyo na sahani ya kuzunguka, ikapata nguvu kama mtu aliyepona malaria. Ndani yake ndimo nilimoandika orodha ya walimu na wanafunzi niliofanya nao kazi, ninayoinakili kutoka daftari zangu za miaka yote. Ningeendelea nayo. Lakini Microsoft ilitangaza kwamba ifikapo tarehe 14 Oktoba 2025 ingeacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inataka chipu ya ulinzi iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane, yaani za tangu mwaka 2017 hivi. Yangu ilikuwa nje ya mstari kwa miaka mingi.

Mwanangu aliniambia kwa simu, "Baba, nunua laptop. Nyembamba, nyepesi, imekwisha." Nilimshukuru. Lakini nimeziona zile nyembamba. Nyingi RAM yake imekazwa kwa risasi juu ya bodi, haiongezwi wala haitolewi. Ni mashine nzuri, ila mlango wake umefungwa tena, safari hii na mtengenezaji mwenyewe. Nikaamua nibaki na kasha langu.

Fundi wangu yupo Maili Moja, kijana wa umri wa wajukuu zangu. Alinitafutia mazabodi iliyotumika, prosesa ya kizazi cha kumi na RAM mpya ya gigabaiti 8. Pamoja na pawasaplai mpya tulitumia laki nne na ushee. Nilimwomba kazi aje kuifanyia nyumbani, siku ya Jumamosi, kwa sababu mjukuu wangu wa kike aliye kidato cha tatu alikuwa amekuja.

"Shikamoo, Mwalimu," fundi alisema alipoingia.

"Marahaba, mwanangu. Leo una wanafunzi wawili."

Alitufundisha vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwanza alichomoa umeme, akatuambia tushike bati la kasha, ili umeme mdogo ulio mwilini utoke usije ukaunguza chipu. Alitoa bodi ya zamani. Alimwonyesha mjukuu wangu RAM ya DDR2 na ya DDR4, akamwambia aijaribu ile ya zamani kwenye bodi mpya. Haikuingia. "Tazama pengo lake," alisema. "Wameliweka mahali tofauti makusudi, usije ukakosea." Akafungua soketi ya prosesa, akaonyesha vipini vyembamba kama nywele, akasema, "Hapa hapaguswi hata na pumzi." Prosesa ilitua yenyewe bila kusukumwa. Akapaka pesti kidogo, kiasi cha punje ya choroko, akabana feni juu yake. Bodi ikaingia ndani ya kasha. Niliinama kutazama: matundu ya skrubu ya bodi ya leo yalipatana na ya kasha la mwaka 2003.

Akawasha. Feni zikazunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi.

Nakiri kwamba moyo ulinienda mbio. Orodha yangu ya majina ilikuwa na nakala, lakini ule woga wa zamani haujali nakala. Nusura niseme, "Basi, iache, usije ukaharibu zaidi." Maneno yalifika kooni. Nikayameza.

Fundi alizima, akachomoa umeme, akamgeukia mjukuu wangu. "Hesabu waya zinazotoka kwenye pawasaplai. Kila moja niambie inakwenda wapi."

Alihesabu kwa kidole. Alipofika kwenye waya mmoja mfupi wa njano na mweusi akasimama. "Huu hauendi popote, Kaka."

Ulikuwa waya wa umeme wa prosesa, unaochomekwa pembeni mwa soketi, peke yake. Bila huo feni huzunguka lakini prosesa imelala. Mpaka leo sijui kama fundi alisahau au alimtegea mwanafunzi, na sikumuuliza. Mtoto aliuchomeka mwenyewe. Tulipowasha tena, maandishi yakatokea. Kilichobaki kilikuwa kuiwasha ile TPM, ambayo katika prosesa hizi imo ndani yake yenyewe. Inataka kuruhusiwa tu kwenye mipangilio ya bodi.

Bodi ya pili ilikuwa nzima. Fundi alinipa kasha tupu alilokuwa nalo dukani, tukaihamishia humo pamoja na prosesa yake, RAM yake na ile pawasaplai kuukuu, kisha akaweka Linux, mfumo unaotolewa bure na usiodai mashine mpya. Wiki iliyofuata niliipeleka Kisarawe, kwa mtoto wa marehemu kaka yangu, anayeishi pale alipoishi baba. Nyumba sasa ni ya tofali na bati, lakini majirani bado huiita kwa jina la mzee. Watoto wa nyumba hiyo na wa jirani walijaa sebuleni. Niliwaonyesha jinsi ya kuiwasha na kuizima. Halafu, mbele ya wazazi wao, nikawaachia bisibisi.

Mama mmoja aliuliza, "Mzee, hawataiharibu?"

Nikamjibu kwamba inawezekana sana.

Haikupita wiki tatu simu ikaita. Alikuwa mvulana wa darasa la sita. Alinisalimu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu, tumeifungua. Tumefuta vumbi lote, tukaifunga, na inawaka. Lakini skrubu moja imepotea."

Nikamwambia waendelee kuitafuta, na wasipoiona nitawaletea nyingine.